Mto Umekuja Mlangoni

Mume wangu,

Tangu siku uliyonileta hapa, kila jioni uliniuliza swali moja: "Leo kumetokea nini?" Nami kila jioni nilikupa jibu moja: "Hapa? Hakuna kitu." Basi kaa vizuri hapo ulipo. Leo yametokea mambo, na wa kuniuliza hayupo.

Kaka yangu Shee amekaa nje juu ya kinu nilichokipindua, ananingoja. Amekuja kutoka Kipini kunirudisha nyumbani, kwa sababu eda yangu imekwisha na hapa sina mzazi wala mtoto. Sanduku langu limeshapakiwa mtumbwini. Nimemwambia anipe muda, nina jambo la kumaliza, naye anadhani naswali. Kila mara namsikia akikohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kusikika. Kwa hiyo naandika mbiombio, na maneno yakirukiana unisamehe. Naandika kwa herufi za Kiarabu, kama baba alivyonifundisha chuoni kwake. Wewe hukujua kusoma, si hizi wala zile za Kizungu, lakini nadhani huko uliko jambo kama hilo halimzuii mtu.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mkeka umekunjwa, nimekaa sakafuni. Nianze na ugomvi wetu, maana kuliko vyote ndio ninaoutamani.

Ulikuja Kipini na mtumbwi umejaa mpunga na maembe, ukamwambia baba unatoka Garsen. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikusikia ukisema huko kuna soko, kuna barabara kubwa, malori yanapita kwenda upande wa Lamu na kurudi Malindi, na watu wa kila kabila wanakutana. Nikakubali posa. Hukusema uongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Soko lilikuwepo: akina mama wachache na mafungu yao ya ndizi, na mbuzi akiyachagua kabla ya wateja. Barabara ilikuwepo: mvua ikinyesha ni tope, isiponyesha ni vumbi, na lori likipita tunalizungumza mpaka lije jingine. Tena hata hiyo Garsen yenyewe hatukukaa. Tulikaa huku juu yake, mwendo wa kutembea, penye nyumba za nyasi, migomba na mto.

Mimi nilikulia pale mto unapoingia baharini. Kipini kuna maulidi, kuna arusi za ngoma mpaka kucha, kuna wageni wa Lamu wanaokuja na umbeya mpya kabla ule wa zamani haujapoa. Hapa asubuhi ni nyani, mchana ni jua, jioni ni mbu. Kesho yake ni nyani. Mwanzoni nililia. Baadaye nikaona kulia nako kunachosha, nikaanza kulalamika, na hilo nilikuwa na kipaji nalo, wewe mwenyewe ni shahidi.

Unamkumbuka yule karani wa serikali ambaye lori lake lilikwama topeni, ukamleta kwetu ale? Alitazama nje, akatazama sahani yake, akasema serikali ikitaka kumkomoa karani humhamishia Tana River. "Hapa hakuna kitu," akasema. Nilifurahi jinsi gani! Nilimwongezea samaki. Nikakutazama kwa jicho la unaona sasa, hata msomi amesema. Wewe ukanawa mikono polepole, ukamwuliza, "Bwana, umefika lini?" Akasema jana. Ukamwambia, "Basi bado hujafika." Karani alicheka, akadhani ni utani wa watu wa mtoni. Mimi nilikasirika mpaka usiku ule nikalala mkeka wa peke yangu, sikukupa mgongo wala uso.

Lakini kila jioni, baada ya mimi kusema hakuna kitu, uliosha miguu kizingitini na kuanza. Uliyaleta ya kivukoni nyumbani. Ulinieleza Waorma walivyovusha ng'ombe, wewe mtumbwini umemshika pembe yule wa mbele, wengine wanafuata pua juu ya maji, na katikati ya mto mmoja akageuza kichwa na kundi zima likageuka naye, wenyewe wakabaki ng'ambo wakitukana kwa Kiorma. Ulinieleza bibi arusi wa Kulesa aliyelia mto mzima, na mguu wake ulipogusa mchanga akacheka kwa sauti mpaka shangazi zake wakamfinya. Ulinieleza mzungu aliyevua viatu na kuvibeba kichwani ili visilowe, akavisahau kichwani, akazunguka ng'ambo kutwa akiviuliza. Mimi nilikuwa nageuza mkate chunguni na kusema "mmh." Ungedhani sisikii. Ukinyamaza katikati ya hadithi kumeza maji, mkate uliungua.

Sasa nikueleze huo mto. Unaujua kuliko mimi, lakini naueleza ili nami uniingie, maana mpaka leo asubuhi haukuwa umeniingia. Mto wetu ulikuja kutoka juu, ukafika karibu na nyumba yetu, halafu badala ya kwenda zake ukapinda kama mkono uliokunjwa. Ukazunguka mashamba na makaburi, ukarudi karibu mahali pale pale ulipoanzia kupinda. Sisi tulikuwa begani. Kivuko chako kilikuwa mbali, kwenye kiwiko, karibu na makaburi. Kila siku uliyapita mashamba yote kwenda kazini, na jioni kuyarudia.

Mwaka ule wa ukame, wewe na wenzio mliokuwa na mashamba hapo kati mkachimba mfereji kutoka huku bega la juu mpaka upande wa chini, ili maji yafike kwenye mpunga. Ulikuwa mwembamba, mtu anauruka na mzigo kichwani. Niliwaletea chakula, nikasema hata mkichimba mpaka Mombasa hapa hapatakuwa na kitu. Ukaegemea jembe lako ukaniambia mbele ya watu, "Nitakuletea mto mlangoni, mke wangu, upate kuona mambo, uache kelele." Walicheka wote. Mimi nilikuambia uanze kuleta chumvi, imekwisha.

Halafu ikaja ile mvua ya siku uliyovusha watu wa msiba, ukarudi umelowa, na kichomi kikakushika ubavuni. Sitaki kuandika siku zile. Nilikuwa nakukanda kwa maji moto, nawe huku pumzi inakatika unaniuliza, "Leo kumetokea nini?" Sikuweza kusema hakuna kitu. Sikuweza kusema lolote. Nimejilaumu? Hapana, sijajilaumu. Nimekuwa na hasira tu, na mpaka sasa ninayo. Mtu mwenye nguvu za kusukuma upondo kutwa, halafu anaondoka kama aliyeitwa dukani.

Wanaume walikubeba wakapita mashamba mpaka makaburini. Mimi nilibaki ndani, na eda ikaanza.

Mume wangu, kama kuna kiumbe aliyewahi kuchoshwa na mahali, ni mimi ndani ya eda. Bila wanja, bila marashi, bila kutoka. Kuta nne za udongo na mlango wa makuti. Nilihesabu fito za dari mpaka zikanichukia. Nikajiambia, ndiyo haya, mahali pasipo na kitu, halafu mtu afungiwe ndani yake. Ni kama kupewa maji matupu, halafu uambiwe uyanywe kwa kijiko.

Nilikuwa na watu wawili wa kunitazama. Wa kwanza Komora, mdogo wako na mwenzio wa kivukoni, aliyeshika mtumbwi baada yako. Ni kijana mwema, hilo siwezi kulikana. Kila jioni alinibwagia samaki au ndizi pale nje, akasimama kidogo kwa heshima. Nikamwuliza kutoka ndani, "Shemeji, leo kumetokea nini huko kivukoni?" Akasema, "Hakuna kitu, shemeji." Akaenda kwake kwa mkewe na watoto. Kesho yake nikamwuliza tena. "Hakuna kitu, shemeji." Ukoo mmoja, ziwa moja la mama, halafu huyu Mungu amemnyima hata sentensi mbili! Nilitaka kumrushia samaki wake. Nilikuwa na njaa ya habari kuliko ya chakula.

Wa pili ni Hawo, yule mama wa Kiorma anayetuuzia maziwa. Yeye ndiye aliyenitoa wazimu. Alikaa upande wa pili wa ukuta na kibuyu chake, akanipa habari kwa Kiswahili chake kile kinachotembea kwa mguu mmoja. Nani amegombana na nani, mamba ameonekana wapi, ndama gani amezaliwa na rangi gani. Nilikuwa namsikia nikijua kwamba namsikiliza kama nilivyokusikiliza wewe, na kwamba sasa hakuna mkate wa kugeuza nijifanye nina shughuli.

Mvua za bara zikanyesha. Hapa kwetu hata tone, anga jeupe, lakini mto ukaanza kupanda. Kila mtu alisema utapanda na kushuka kama kawaida yake. Mchana mmoja baada ya adhuhuri nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia, kitu kikinywa. Si kupiga, si kunguruma. Kunywa, kama mtu mkubwa mwenye kiu. Halafu nikasikia vishindo, udongo unaanguka vipande vipande, na watu wanakimbia wakipita ukutani kwangu, wanaitana, wanaume wanapiga kelele za majembe na mifuko ya mpunga. Niliruka nikaufikia mlango. Miaka yote nimeketi hapa nikingoja litokee jambo, jambo limetokea, nami niko eda!

Nikatoa kichwa. Hawo alikuwa pale nje, amejisimamisha mlangoni kama askari wa boma, mikono kiunoni. "Mama Kipini! Toka hapana! Wewe eda!" Nikamwambia mto unakuja, Hawo, nyumba itachukuliwa. Akageuka akautazama mto, akanigeukia. "Mto naingia ndani, basi wewe toka. Bado haijaingia, kaa!"

Nikakaa. Nilikaa nimeshika nguzo ya nyumba kwa mikono yote miwili, nina hofu na uchu wa kuona, na sijui kipi kilizidi. Hawo akanieleza kwa sauti kubwa, bila kuondoka mlangoni. "Migomba ya Mzee Dhadho nakwenda. Naanguka moja. Naanguka ingine. Sasa mbuzi napanda juu ya nyumba. Sasa maji nasimama. Hapana, nakwenda tena." Haukuingia. Ulisimama hatua chache nje ya jiko langu, ukabaki hapo.

Komora alikuja kesho yake asubuhi. Nikamwuliza kabla hajatoa salamu, "Kumetokea nini?" Akafikiri. Akasema, "Mto umehama." Halafu akaomba maji ya kunywa. Nikamwuliza umehama vipi, wapi, nani aliona, ulianzia wapi? Akasema, "Umehama tu, shemeji." Nilipompa kikombe nilimpa kwa nguvu mpaka nusu ikamwagika.

Kidogo kidogo, kwa Hawo na kwa sauti za nje, nikajua. Mto ulipojaa uliukuta ule mfereji wenu, mwembamba wa kurukwa, ukaona huku ni njia fupi. Ukaingia, ukala kingo, ukaendelea kula, mpaka mfereji ukawa mto na mto ukawa bwawa. Sasa unapita hapa begani, mlangoni kwangu, na kule kiwikoni ulikokuwa ukivusha watu maji yamesimama. Waliopoteza migomba wanauita Mfereji wa Buya, na hawausemi kwa upole. Wengine wanaochota maji bila safari ndefu wanauita jina lile lile kwa kucheka. Mimi sikuwahi kukuita kwa jina ulipokuwa hai, na ajabu ni kwamba sasa nalisikia kutwa likipigiwa kelele nje ya jiko langu. Kila mtu aliye ng'ambo anayetaka kuvuka anasimama pale na kuita kwa jina lako, kama walivyozoea. Nimejifunza kujua watu kwa sauti. Yule anayeita mara moja na kungoja ni Hawo. Yule anayeita kabla hajafika ukingoni ni mzee wa Wenje anayeleta tumbaku.

Ulisema utaniletea mto mlangoni. Nilitafuta mtu wa kumwambia na hakukuwa na mtu.

Siku eda ilipokwisha nilioga, nikavaa, nikatoka. Jua lilinipiga machoni nikakaa chini. Nilipoyafungua nikauona. Maji ya rangi ya udongo, mapana, yanakwenda kwa haraka isiyokuwa ya hapa, na nusu ya migomba ya Mzee Dhadho imesimama mizizi nje. Nikautazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nasema moyoni, haya, mambo ndiyo haya, tazama ushibe. Halafu nikaangalia ng'ambo nikaona mikoma mirefu, ile mitende ya mwituni, na chini yake ardhi iliyoinuka, nikasema ile mikoma naijua. Ni ya makaburini.

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Ulikuwa upande wangu, mume wangu. Nilikuwa nimekaa ndani miezi yote ile nikijipa moyo kwamba eda ikiisha nitatembea mashambani taratibu mpaka karibu yako, kwa miguu yangu, bila kumwomba mtu. Sasa uko ng'ambo. Wewe uliyevusha kila mtu, umevushwa bila kuondoka mahali. Nililia pale ukingoni mbele ya watu, kwa sauti, na sikuona haya.

Jana asubuhi Shee alifika kutoka Kipini. Amekuja kwa mapenzi, usimdhanie vibaya. Ameleta halua na salamu za kila mtu, na chumba changu kimepakwa chokaa. Jioni tukakaa nje. Akautazama mto, akaua mbu, akautazama tena, akaua mbu mwingine. Akasema, "Dada, umewezaje kukaa hapa? Hapa hakuna kitu."

Ndiyo maneno yangu. Kila neno ni langu, nilitakiwa nimbusu mkono. Lakini damu ilinipanda nikasikia kinywa changu kikisema, "Kaka, umefika lini?" Akasema, "Si leo asubuhi?" Nikasema, "Basi bado hujafika." Akanitazama kama aliyeona jini. Hata mimi nilijiogopa. Niliingia ndani nikafunga vyombo haraka haraka, sufuria ndani ya sufuria, nikisema hapana, naondoka, sitakufa hapa kwa sababu ya maneno ya mtu. Sikulala vizuri. Nilifunga, nikafungua kutafuta upawa, nikafunga tena.

Leo asubuhi, kabla ya safari, nikamwomba Komora anivushe nije nikuage. Unajua kwamba miaka yote sikuwahi kuvuka? Ulinialika mara ngapi, nami nikakuambia ng'ambo kuna nini, si mikoma ile ile. Nikapanda mtumbwi, nikakaa chini kabisa, nimeshika ubao wa pande zote mbili, macho yananitoka kwa kutafuta mamba. Komora alisimama nyuma na upondo. Nikajua mpaka tufike hatasema neno, nikajiambia basi, huyu ameumbwa hivyo.

Katikati ya maji akasema, "Kaka alikuwa anaanza kuongea peke yake akifika kati ya mto hivi."

Nikamwuliza anaongea nini. Komora akasukuma upondo, akasukuma tena. Akasema, "Anapanga ya kukuambia wewe jioni, shemeji. Siku nyingine mtu hajavuka hata mmoja. Kutwa tunakaa tu, mimi nalala, yeye hana raha, ananiuliza, Komora, nitamwambia nini leo? Basi anatunga. Akitunga ikiwa mbaya, anairudia mpaka iwe nzuri. Ananifanyia mimi kwanza, nikicheka ndio anaileta nyumbani."

Sijapata kumsikia Komora akisema maneno mengi hivyo, na sidhani nitamsikia tena. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa ushungi. Nikamwuliza, "Yule mzungu wa viatu kichwani?" Akasema, "Mzungu gani?" Nikamwuliza ng'ombe waliogeuka. Akasema hao kweli. Bibi arusi wa Kulesa aliyelia halafu akacheka? "Huyo kweli," akasema, "lakini hakucheka."

Ewe mwongo wa Mungu!

Basi nilikuwa nasema kweli. Miaka yote nilisema hapa hakuna kitu, nawe ukabishana nami, ukanichekea mbele ya karani, na kumbe ulikuwa unakaa kivukoni kutwa ukiona lile lile nililoliona mimi: maji, mikoma, jua, na hakuna anayekuja. Ugomvi nimeushinda mimi. Kuushinda kwenyewe kumeniuma kuliko siku yoyote niliyoshindwa. Hukuwa unaishi mahali penye mambo. Ulikuwa unakuja jioni umechoka na mto mzima mikononi, na bado umenifanyia kazi nyingine njiani, bila kuniambia, ili nisifunge sanduku langu na kuondoka.

Nilipofika kwako nilitoa salamu tuliyofundishwa kuwapa watu wa makaburini. Nilikaa mbali kidogo, kwa adabu. Nilitaka kukusomea dua ndefu, nikaishia kukuambia tu kwamba chumvi imekwisha tena. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na Komora akageuka akautazama mto kana kwamba ameuona leo.

Shee amekohoa tena. Sasa naenda kumwambia, na najua atanigombeza. Sanduku liende naye. Amekuja mbali, asirudi mikono mitupu, na nikichoka nitalifuata. Sufuria, upawa na chungu cha mikate naviteremsha. Watu wanaongoja mtumbwi wanasimama pale nje kwenye jua na njaa zao, na mimi ni mtoto wa Kipini, vitumbua na kahawa naviweza nikiwa nimefumba macho. Jiko langu liko hatua chache kutoka ukingoni. Kila anayevuka atakaa kwangu kwanza, na akikaa ataongea. Komora hataki kuongea, sawa, avushe. Masikio nitayaleta mimi.

Sisemi kwamba nimepapenda hapa. Usinicheke. Panachosha, na mbu wako ni wale wale. Miguu yangu bado inawasha, na ukisikia siku moja nimepanda lori au mtumbwi wa kuteremka, usishangae. Sikuahidi milele, mume wangu. Lakini sitaondoka bila kuja kwanza kukuaga hapo ulipo, na nitavuka mwenyewe, bila kushika ubao.

Na hili nakuahidi: kila jioni niliyopo hapa, wakitawanyika watu, nitatoka ukingoni nikuelekee chini ya ile mikoma, nikuambie leo kumetokea nini. Nani kavuka, nani kalia, ng'ombe wa nani kageuka. Na siku ambayo hakuna mtu, ni jua tu na maji, sitakujibu lile jibu langu. Nitatunga. Kama ni mbaya nitairudia mpaka iwe nzuri. Nitamfanyia Hawo kwanza, akicheka ndio nitakuletea wewe.

Pumzika sasa. Mungu akulaze pema, akupanulie hapo ulipo, na akusamehe bibi arusi wa Kulesa.

Lakini haya ya leo, mume wangu, sijatunga hata moja.

Mkeo,
Mama Kipini